Fundi wa Mama Wakili

Simu ililia Jumatatu asubuhi, saa mbili na dakika chache, afisa ustawi wa watoto akiwa hajafika hata nusu ya kikombe chake cha chai. Ilikuwa ile simu ndogo ya kazi, ya vitufe. Kioo kilionyesha namba ya Mama Wakili. Akapokea upesi kwa ile sauti ya unyenyekevu aliyojizoesha kuitumia.

"Haloo, mama. Karibu."

"Wewe ndiye fundi?" Ilikuwa sauti ya mwanamume.

Chai ikampalia. Akaweka kikombe chini, akakohoa mbali na simu, akarudi. "Ndiyo, ni mimi."

"Mimi ni mume wa mteja wako. Mke wangu amekuja kwako kupimwa mara tano. Nimeziandika tarehe zote. Mtu anapimwa mara tano, hanenepi wala hakondi. Nguo iko wapi?"

"Nisamehe sana, mzee. Sare za shule zilitubana, kila mzazi anataka ya kwake iwe ya kwanza…"

"Keshokutwa, Jumatano, saa nane mchana, naifuata mwenyewe. Nielekeze ulipo."

Akamwelekeza. Mdomo wake ulikwenda peke yake hadi nyuma ya soko, kwenye safu ya mafundi, kibanda cha mwisho chenye pazia la buluu, kwa kuwa alikipita kila siku akienda kazini. Mwanamume akasema ahsante. Alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomfanya afisa abaki ameshika simu baada ya kukatwa. Nguo yenyewe haikuwapo. Na yeye, Mungu amsamehe, hakujua kushona hata kifungo.

Kwenye kitengo chao kila afisa alikuwa na kazi yake ya simu. Mmoja alikuwa dobi, mwingine muuza mitumba, mwingine katibu wa kikundi cha akina mama. Mwanamke anayepigwa hawezi kuhifadhi kwenye simu yake namba iliyoandikwa "Ustawi wa Watoto", maana simu yenyewe hukaguliwa. Afisa huyu alichagua ufundi wa nguo akajiona mjanja kweli. Fundi anaweza kukuita wakati wowote: njoo tupime, njoo ujaribu, kola haijakaa sawa. Tena hakuna anayemshangaa fundi kwa kuchelewa. Alichosahau ni kwamba siku moja mtu ataitaka nguo.

Mkuu wa kitengo alimsikiliza huku akiendelea kugonga mihuri. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye miguu iliyovimba kwa kukaa, na alikuwa amechoka kwa namna ambayo likizo haisaidii.

"Mdogo wangu," alisema, "chumba kwenye nyumba ya hifadhi kinaachwa Alhamisi. Wewe ndiye uliyekililia. Saa tano asubuhi wasipofika, kinakwenda kwa familia nyingine, na hiyo nyingine iko hapo nje kwenye benchi, umeipita ukiingia."

"Najua, dada. Lakini mume yuko likizo wiki nzima. Hatoki nyumbani, na akitoka anamfungia mkewe kwa kufuli. Simu ya mkewe anayo yeye tangu Jumamosi. Sina njia ya kumfikia."

"Na polisi?"

Afisa alitikisa kichwa. Mwaka jana polisi walimlaza mume ndani siku mbili. Siku ya tatu alirudi nyumbani na shati lilelile, na yaliyofuata Mama Wakili alikataa kuyasimulia hata kwa kuandika.

"Basi mshonee nguo," alisema mkuu. "Mume asishtuke kwanza. Mengine tutayaona." Akagonga muhuri mwingine. "Ila kifungu cha pesa ya kitambaa sina. Usiniletee risiti."

Afisa akalifungua jalada la familia ile. Lilikuwa na fomu zenye mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma, ambazo hujazwa majeraha kwa kalamu nyekundu. Alizipekua zote tano. Alijua ubavu upi uliwahi kuvunjika, alijua kovu la begani lilivyokaa na urefu wake kwa sentimita. Kiuno cha mwanamke huyo hakikuandikwa popote. Miezi mitatu ya "kupima", na hakuwahi kumpima.

*

Binti wa familia ile aliitwa Wakili. Jina hilo alipewa na walimu, kwa sababu hakuwahi kujibu swali bila kuongeza sababu yake. Alikuwa na miaka kumi. Nyumbani alikuwa na kazi moja nzito kuliko kufua na kuosha vyombo: kila jioni alisimama mbele ya baba yake, mtunza ghala, akaripoti mama alikwenda wapi, alizungumza na nani, alicheka mara ngapi. Baba aliandika kwenye kidaftari. Mwezi uliopita ripoti ilikosa neno moja, na mkono wa kushoto wa mtoto ukafungwa bandeji wiki mbili. Walimu waliambiwa ameanguka. Kwa ajili ya mkono huo ndipo afisa alipokililia chumba.

"Shikamoo, Mama Rangi." Watoto walimwita hivyo kwa sababu ya kopo la penseli za rangi alilotembea nalo.

"Marahaba, Wakili. Keti."

Walikuwa kwenye stoo ya vitabu, chumba pekee ambacho shule iliweza kuwapa. Afisa alifungua kopo la penseli, akalifunga. Kwa miaka minane alikuwa amezunguka madarasani akiwafundisha watoto jambo moja: mtu mzima akikuomba umfichie siri, mkimbie. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, magoti yakimgusa kidevu, akitafuta namna ya kuanza.

"Nataka kumshonea mama yako gauni," alisema. "Lakini sina vipimo vyake. Wewe unaweza kunisaidia?"

Wakili alimtazama. "Wewe hujui kushona."

"Nani kasema?"

"Sketi yako imefumuka hapo pembeni tangu muhula uliopita, kwa sababu hujui kuishona."

Afisa alicheka kabla hajajizuia. "Kweli. Atashona mzee mmoja. Mimi natafuta vipimo tu."

Mtoto akafikiri. "Mama nikimkumbatia hapa," akajishika kiunoni, "vidole vyangu havikutani. Vinabaki vidole vinne. Nimeshahesabu."

"Nikumbatie mimi tuone."

Akamkumbatia. Vidole vikakutana, tena vikapandana. Afisa alikuwa mwembamba, kazi ile haikumnenepesha mtu. Ikabidi achukue daftari rafuni, alichomeke ndani ya blauzi, wajaribu tena. Bado. Madaftari mawili, manne, sita. Wakaanza kuchekeana, afisa akiwa na tumbo la pembe nne kama sanduku. Kwenye daftari la nane, Wakili alipima pengo kwa kidole kimoja kimoja mgongoni, akasema, "Hapo. Huyo ndiye mama." Akabaki amemkumbatia hivyo kidogo, shavu likiwa juu ya madaftari. Afisa akazungusha uzi, akafunga fundo.

Kicheko kilipoisha mtoto alirudi kwenye kiti chake. "Mama Rangi, hii ni siri nzuri au mbaya?"

Afisa aliumia moyo kusikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. "Hii ni yangu, si yako. Baba akikuuliza, mwambie. Usije ukaumia kwa ajili ya gauni."

"Hataniuliza. Huwa ananiuliza ya mama tu, ya kwangu haniulizi."

*

Fundi wa kibanda chenye pazia la buluu alikuwa mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Soko zima lilimwita Keshokutwa, maana hilo ndilo jibu alilompa kila mteja, na mteja akirudi siku hiyo alipewa tena lilelile. Aliupokea uzi wenye fundo, akaunyoosha juu ya futi yake ya mbao, akautazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza.

"Mwanangu, hivi ni vipimo vya mtu au vya mbuzi?"

"Kiuno ni hiki. Mabega kama yangu. Urefu, kichwa cha mtoto wa miaka kumi kinamfika hapa."

"Inchi arobaini na mbili kiunoni, na mabega kama yako?" Akamzunguka, akamwangalia. "Mtu wa namna hiyo sijawahi kumwona, na nimeshona miaka arobaini. Haya. Njoo keshokutwa."

"Mzee wangu, leo Jumatatu. Keshokutwa ni Jumatano. Nami nitakuja kweli."

Ndipo alipomweleza. Hakumweleza yote, sheria haimruhusu, na hata hivyo mzee hakuhitaji yote. Alipoambiwa kuwa Jumatano saa nane angekuja mwanamume, na kwamba kwa nusu saa hiyo fundi wa kibanda angekuwa mwanamke asiyejua kushona, mzee alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Jina lake lilikuwa bovu sokoni, lakini lilikuwa lake.

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Mzee wa kushona vifungo."

"Vifungo," alisema Keshokutwa. Akavaa miwani yake. "Dada yangu marehemu naye alikuwa na mume wa kuja kumfuatia nguo. Niachie kitambaa."

*

Jumatano saa nane kamili mtunza ghala alisimama mlangoni. Afisa alikuwa amejiandaa kuona jitu. Aliyeingia alikuwa mtu wa kawaida, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, kucha safi. Alisalimia vizuri. Alimwamkia hata mzee wa vifungo pale pembeni.

Gauni lilikuwa la kijani, la mikono mirefu. Keshokutwa alikuwa amelishona usiku na mchana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna aliyemdai. Mwanamume aligeuza pindo, akavuta mshono, akahesabu vifungo. Afisa alisimama na futi ya kamba shingoni, mikono nyuma.

"Kiuno chake ni ngapi?" aliuliza mwanamume bila kuinua macho.

"Arobaini na mbili."

Akakitoa kidaftari, akaandika. "Anapokuja hapa huwa mnaongea nini?"

"Nguo, mzee. Hana maneno mengi yule."

"Hana," alikubali, akatabasamu, karibu kwa upendo. "Mama, wewe kushona ulijifunza wapi?"

Afisa aliinama akaokota kipande cha uzi sakafuni.

"Nilimfundisha mimi," ilisema sauti kutoka pembeni. Keshokutwa hakuacha kushona kifungo chake. "Wa kwangu huyu. Macho yangu yamekwisha, mikono yake ndiyo inayonilisha sasa. Mzigo wa sare ulimchelewesha, usimlaumu."

Mwanamume alilipa kitambaa na ufundi mpaka senti ya mwisho, akaomba na risiti. Alipokwisha kuondoka, afisa aliketi chini sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Mzee akampa maji. Kesho ndiyo ilikuwa Alhamisi. Gauni limepatikana, mume ameridhika, na mama na mtoto walikuwa bado nyuma ya mlango uleule.

*

Saa kumi na moja jioni alikuwa dawatini akiandika barua ya kukirudisha chumba. Alikuwa ameshaandika "kwa masikitiko" akaifuta, akaiandika tena. Simu ya vitufe ikalia.

"Wewe ni fundi wa nguo au wa magunia?"

"Mzee?"

"Nimemvalisha hapa mbele yangu. Kiunoni anaingia na mtu mwingine! Umesema arobaini na mbili. Nimempima mwenyewe kwa kamba, mara mbili. Thelathini na sita! Mara tano unampima, inchi sita unazitoa wapi? Unajua unachofanya wewe?"

Alimtukana. Alimtukana kwa mpangilio, kuanzia macho yake hadi aliyemfundisha, bila kupandisha sauti. Afisa alisema nisamehe mzee, nisamehe, huku kichwani akiona vidole vinne vya mtoto na madaftari manane. Wakili alikosea? Mtoto anayehesabu hata kicheko? Haikuwezekana.

"Kesho saa tatu na nusu mke wangu analileta. Utamrekebishia akiwa amesimama hapo hapo. Mimi sirudi kusimama kwenye safu ya mafundi mara mbili kama mtumishi. Mtoto atakwenda naye, ndipo apitilize shule. Ataniambia kila kitu."

"Walete, mzee," alisema. "Nitakuwa nimefungua."

Alipokata simu aliona ameikwaruza meza kwa kucha. Akaichana ile barua. Halafu akalia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko furaha, akaenda kumwambia dereva awe nyuma ya soko saa tatu.

*

Walikuja wakiwa wameshikana mikono. Mama Wakili alikuwa amevaa gauni la kijani likimpwaya kama limetundikwa kwenye msumari. Mtoto alivaa sare, begi la shule likimwelemea mgongoni. Afisa, futi ya kamba shingoni kama jana, akashusha pazia la buluu.

"Inchi sita, mama," alisema afisa, maana hakuweza kujizuia. "Zilikwenda wapi?"

Mama Wakili alielekeza macho kwenye begi. Wakili akalivua, akalifungua zipu. Ndani, chini ya daftari la hesabu, mlikuwa na bahasha nene iliyoviringishwa kwenye kitambaa na kufungwa kwa kamba ndefu: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho, kadi ya kliniki, karatasi za hospitali, picha ya mama mzazi wa Mama Wakili.

"Si wewe uliniambia niviweke mahali ambapo hatavipata?" alisema Mama Wakili. "Nikavifunga kiunoni. Silali navyo mbali, sikai navyo mbali. Nilivyozoea, nikasahau kuwa si mwili wangu. Jana aliposema vaa, nilikimbilia chooni nikavifungua, mtoto akavificha."

Miezi mitatu mtoto alikuwa akimkumbatia mama yake pamoja na vyeti, akidhani ndivyo mama alivyo.

"Gari lipo nyuma," alisema afisa. "Tuna chini ya saa moja na nusu."

"Hapana," alisema Keshokutwa.

Wakageuka wote.

"Gauni langu halitoki hivyo hapa. Mmeniita mshona vifungo, nikanyamaza. Nimetukanwa kwenye simu, nikanyamaza. Hili nitalipunguza. Dakika kumi."

Dereva alipiga honi mara moja, taratibu. Afisa alitaka kusema mzee, jamani, lakini Mama Wakili alikuwa ameshasimama katikati ya kibanda. "Mwache," alisema. "Sijawahi kushonewa nguo mimi."

Mzee akavuta futi yake ya kamba. Alipoipeleka nyuma ya kiuno chake, mwanamke aliruka, mikono ikapanda usoni. Keshokutwa alirudi hatua mbili. Aliikunja ile futi, akampa mtoto.

"Wewe mpime. Nisomee namba."

Wakili alimzungushia mama yake mikono yote miwili, ili aipitishe kamba. Akasimama hivyo. Kisha akasema, kwa mshangao, uso ukiwa umezama kwenye kitambaa cha kijani, "Mama. Vidole vinakutana."

"Namba, mwanangu," alisema mzee, akitazama pembeni.

"Thelathini na sita, kwa sababu…" Hakuimaliza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza afisa kumsikia akikosa sababu.

Cherehani ililia dakika kumi na mbili. Garini, mlango ukiwa bado wazi, mtoto alimshika afisa mkono.

"Mama Rangi, jioni baba ananisubiri nimwambie."

"Leo hutamwambia."

"Na kesho?"

"Hata kesho."

"Atakaa pale na kidaftari." Alisema hivyo akimhurumia kweli, na machozi yakamtoka. Afisa alikuwa na majibu kwa watoto ya kila aina, yamechapishwa, yana picha. Akamshika kichwa tu. Mlango ukafungwa, gari likaondoka, na saa tano kasoro dakika nane mkuu wa kitengo akapokea ujumbe wenye neno moja: Wamefika.

*

Saa kumi na mbili jioni afisa alikuwa bado ofisini. Mezani palikuwa na jalada jipya la ile familia ya kwenye benchi, ambayo ilikuwa bado haina chumba. Sehemu ya "kazi ya simu" ilikuwa wazi. Aliitazama muda mrefu, akijaribu kufikiria kazi ambayo haina kitu cha kukabidhi mwishoni, na hakuipata.

Simu ikalia. Namba ilikuwa ileile. Kanuni ilisema asipokee, aitoe laini, aivunje. Lakini fundi asiyepokea simu siku hiyohiyo anafuatwa kibandani, na kibandani alikuwa Keshokutwa peke yake.

"Haloo, mzee."

"Fundi." Sauti ilikuwa ndogo. "Mke wangu bado yuko hapo?"

"Aliondoka asubuhi, mzee."

"Saa ngapi?"

"Saa nne hivi."

Alisikika akiandika. Kalamu ikasimama.

"Mtoto hajaja kuniambia," alisema. "Nimekaa hapa. Hajaja."

Dirishani taa za barabarani zilikuwa zinawaka moja moja. Aliposhika shingo yake alikuta futi ya kamba bado imening'inia pale tangu asubuhi, na kwenye mkutano wa mchana hakuna aliyemwambia.

"Gauni je?" aliuliza mwanamume, kama mtu anayetafuta cha kushika. "Ulilirekebisha?"

"Nililirekebisha, mzee," alisema. "Sasa linamkaa sawasawa."